Kama ndo unaanza opera, kaa na Madama Butterfly kwanza

Ndugu zangu, kila mwaka hawakosekani vijana wawili watatu wa kwaya wanaonifuata baada ya mazoezi, mwalimu nataka kujifunza opera, yaani ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa, na karibu wote wanaanzia pale pale nilipoanzia mimi, yaani mtu anafungua YouTube, anatafuta ule wimbo mmoja maarufu wenye nota ya juu, anaanza kuiga sauti. Wiki ya pili koo limechoka, mwezi wa tatu humuoni tena. Na sio wavivu hao watu, nawajua, ni mlango tu walioingilia sio wenyewe.

Mi nilikaa karibu mwaka mzima na kipande kimoja tu cha dakika chache cha opera ya Madama Butterfly, Un bel dì vedremo, nakirudia mpaka bando linaisha, maneno ya Kitaliano nimeyakariri yote. Kuna mzee alikuwa ananipigia kinanda, mtu mpole sana, siku moja katikati ya mstari akaondoa mikono akanitazama. "Mwanangu, huyu unayemuimba yuko wapi sasa hivi? Amekaa au amesimama? Nani mwingine yuko chumbani?" Sikuwa na jibu hata moja. Akafunika kinanda taratibu, "nenda kaulize anasubiri nini, afu urudi tuimbe."

Nikaenda kuuliza. Ilinichukua miezi, na nikirudi nyuma naona hiyo miezi ambayo sikuimba kabisa ndo iliyonifundisha opera. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu tu, chukua opera moja, moja, kaa nayo mpaka uijue ilivyotungwa, ilivyoharibika na ilivyotengenezwa upya, na mi ningekushika mkono nikupeleke kwa Madama Butterfly ya Giacomo Puccini. Zipo zingine nzuri ila hii imebeba somo la kazi ambalo sijaliona wazi hivo pengine popote.

Hadithi kwanza, usiruke hapa. Tupo Nagasaki, bandari ya Japani. Luteni wa jeshi la majini la Marekani anaitwa Pinkerton anatafutiwa nyumba ya mlimani na mke na dalali wa ndoa, Goro. Nyumba amepangishwa miaka 999 lakini mkataba unamruhusu kuuvunja mwezi wowote, na ndoa nayo kwake ni vile vile, anamwambia kabisa konsuli wa Marekani, Sharpless, kwamba ataoa mke wa kweli wa Kimarekani siku moja. Bibi harusi ni Cio-Cio-San, wanamwita Butterfly, kipepeo, ana miaka 15. Yeye ameichukulia ndoa kuwa ndoa. Ameenda kwa siri kubadili dini kwa ajili ya mume, baba yake mdogo ambaye ni mtawa anakuja kwenye harusi anamlaani, ndugu wote wanaondoka siku hiyo hiyo. Usiku ule wa kwanza ndo pale Puccini ameweka muziki mtamu kuliko wote, na ukishajua mkataba wa nyumba unasemaje huo utamu unakuchoma.

Pinkerton anaondoka. Miaka mitatu. Butterfly yuko na msaidizi wake Suzuki, hela imebaki kidogo sana, Suzuki anasali na analia, na hapo ndo anaimba Un bel dì. Sasa ona, sio wimbo wa kujilia mwenyewe, anamsimulia Suzuki itakavyokuwa: siku moja nzuri tutaona uzi wa moshi unapanda kule mwisho wa bahari, afu meli inatokea, na mi sitateremka kumpokea, nitakaa kwenye ukingo wa kilima nisubiri, na akifika akaniita sitaitika haraka, kidogo kwa utani na kidogo ili nisife kwa kumuona. Yaani mwanamke anamtuliza mwenzake kwa kumuonyesha kitu ambacho hakipo. Nota ya kwanza iko juu halafu wimbo unateremka polepole kama mtu anayeangalia mbali. Mi mwaka mzima nilikuwa naipiga ile nota ya kwanza kwa nguvu zote, kumbe inatakiwa itoke kwa mbali, karibu haina uzito.

Baadaye Sharpless anakuja na barua ya Pinkerton. Kabla hajaisoma Butterfly anamuuliza swali ambalo kila nikilifikia nasimama. Mume aliahidi kurudi na mawaridi msimu ule ndege mwenye kifua chekundu anapojenga kiota, sasa hapa kwetu ameshajenga mara tatu, je huko Marekani anajenga mara chache zaidi? Sharpless anajibu kwamba hakusomea mambo ya ndege. Hajui pa kuficha uso. Baadaye anamuuliza, ukiambiwa harudi tena utafanya nini, na Butterfly anaingia ndani anatoka na mtoto.

Mwishowe mzinga unalia bandarini, meli ni Abraham Lincoln, yeye na Suzuki wanakata maua yote bustanini wanayamwaga ndani ya nyumba, wanatoboa vitundu kwenye ukuta wa karatasi wanachungulia usiku kucha. Asubuhi Pinkerton anakuja kweli ila amekuja na mke wake wa Kimarekani, Kate, kumchukua mtoto. Butterfly ana kisu cha baba yake, kile ambacho baba alitumiwa na mfalme ili ajiue nacho, kimeandikwa kwamba afe kwa heshima asiyeweza kuishi kwa heshima. Anamfunga mtoto macho, anampa bendera ndogo ya Marekani achezee.

Sa ukishaijua hadithi, uliza ilitoka wapi, maana hapa wengi wanadhani mtunzi anakaa tu chumbani inamjia. Haikuwa hivo. Kulikuwa na riwaya ya Mfaransa Pierre Loti ya 1887 kuhusu mwanajeshi wa majini aliyeoa Nagasaki kwa muda. Afu 1898 mwanasheria wa Marekani, John Luther Long, akachapisha hadithi fupi ya Madame Butterfly, na Long mwenyewe Japani hakuwahi kufika, alikuwa na dada yake aliyeishi Nagasaki na mume mmisionari. David Belasco akaigeuza mchezo wa kitendo kimoja, yaani sehemu moja kubwa tu, ukaonyeshwa New York mwaka 1900 na mwaka huo huo ukaenda London. Na Puccini alikuwa London kiangazi hicho kwa ajili ya opera yake ya Tosca, akaingia kuuona. Kiingereza alikuwa hajui. Alikaa pale akaelewa yote kwa macho, hasa ile sehemu ambayo Belasco aliiacha bila neno lolote, mwanamke anasubiri na taa za jukwaani zinabadilika kutoka jioni mpaka alfajiri.

Kwa hiyo kijana ukiniambia mwalimu mi Kitaliano sijui, nakuambia aliyeitunga hii opera aliipata kwa lugha asiyoijua. Angalia kwanza bila kusoma tafsiri. Angalia mara moja nzima, uandike kwenye daftari umeelewa nini, nani anampenda nani, nani anadanganya, afu ndo utafute tafsiri ya maneno ulinganishe. Nimefanya hivi na wanafunzi wengi na huwa wanapata sehemu kubwa ya hadithi, na pale wanapokosea ndo penye mazungumzo mazuri.

Puccini mwenyewe alitokea wapi. Alizaliwa 22 Desemba 1858, Lucca, Toscana, Italia, kwenye ukoo ambao vizazi vinne kabla yake walikuwa wapiga kinanda na walimu wa kwaya wa kanisa kuu la San Martino. Baba alifariki 1864 mtoto ana miaka mitano, na wakubwa wa mji wakaamua kiti cha baba kishikiliwe na mjomba mpaka huyu mtoto akue akikalie. Fikiria mzigo huo, miaka mitano na kazi ya maisha imeshakupangiwa. Alijifunza, akapiga vinanda makanisani, na pengine angebaki hapo hapo ila mwaka 1876 alikwenda Pisa, kama kilomita 20, inasimuliwa kwa miguu, kuona Aida, opera ya Verdi. Akarudi akiwa hataki tena kile kiti.

Hii sehemu ya Lucca huwa nawaambia sana wanakwaya kwa sababu wengi wetu tumetokea kanisani na tunaona aibu, tunadhani opera ni ya watu waliosoma shule za muziki toka utoto. Mtu huyu kabla ya yote alikuwa mtoto wa kwaya. Ule utaratibu wake wa kujua sauti ipi ikae wapi ameupata kwenye misa.

Mama yake, Albina, mjane mwenye watoto wengi, ndo aliyehangaika kumpeleka Milan, aliandika mpaka kwa malkia Margherita kuomba ufadhili na akapata, na ndugu mmoja wa familia akaongezea. Huko alisoma 1880 mpaka 1883, mwalimu wake mmoja akiwa Ponchielli, na alikaa chumba kimoja na Mascagni ambaye naye alikuja kuwa mkubwa. Kuna barua aliyomwandikia mama akiomba mafuta ya zeituni, apate kupikia maharage. Hiyo barua naipenda kuliko picha zake zote zile za kofia na sharubu. Opera yake ya kwanza, Le Villi, aliipeleka kwenye shindano, haikutajwa hata kwenye orodha ya waliojitahidi. Marafiki wakachanga, ikachezwa Milan 31 Mei 1884, watu wakaipenda, na mchapishaji Giulio Ricordi akaichukua. Wiki chache tu baadaye mama akafariki. Edgar ya 1889 ikaanguka. Ricordi hakumtupa. Ndo zikaja Manon Lescaut 1893, La bohème 1896, Tosca 1900, na jina likakaa.

Kwa hiyo anapoanza Butterfly sio mtu anayejaribu bahati. Ana waandishi wake wawili, Luigi Illica anayepanga matukio na Giuseppe Giacosa anayetia mashairi, na wote watatu wanagombana sana, barua kwa barua. Giacosa alipinga kabisa Puccini alipoamua kuondoa kitendo kilichokuwa kifanyike ofisini kwa konsuli na kuacha opera nzima vitendo viwili, cha pili kirefu bila pumzi. Kumbuka hilo pingamizi, linarudi.

Kazi ya kukusanya aliifanya kama mtu anayeenda shamba. Alionana na mke wa balozi wa Japani nchini Italia, Bi Oyama, akamwimbia nyimbo za kwao, akatafuta santuri na vitabu vya nyimbo, akamwona mwigizaji wa Kijapani Sadayakko alipokuja Milan 1902. Ukisikiliza vizuri utaikuta Sakura mle ndani, utaikuta Miyasan, utaukuta na wimbo wa taifa wa Japani pale afisa wa serikali anapofungisha ndoa. Na kwa Pinkerton ameweka ule wimbo wa bendera wa Marekani, wakati huo ulikuwa unapigwa na jeshi la majini, haujawa wimbo wa taifa mpaka 1931. Zoezi: kaa na kinanda utafute zile sauti tano tano za Kijapani anazozitumia, afu ujiulize zinatokea kwa nani na lini. Butterfly anapojaribu kuongea Kimarekani muziki wake unabadilika. Mwisho anaporudi kwa kisu cha baba unarudi nyumbani.

Ila niseme wazi na hili, Puccini naye Japani hakuwahi kufika. Hadithi imepita kwa Mfaransa, kwa Mmarekani ambaye hakwenda, kwa Mmarekani wa tamthilia, kwa Mtaliano. Sisi ambao tumeandikwa sana na wageni waliopita siku mbili tunaijua hiyo hali, na usiifumbie macho kwa sababu muziki ni mzuri. Mwimbe Butterfly kama mtu mzima mwenye akili, usimuimbe kama kidoli. Waimbaji wanaonigusa ni wale wanaofanya hivo.

Februari 25, 1903, usiku, gari lake liliacha njia likapinduka karibu na Lucca, akakutwa chini yake, mguu umevunjika. Miezi mingi hakutembea vizuri, na madaktari wakagundua ana kisukari. Siku iliyofuata ajali akafariki mume wa Elvira, maana huyu Elvira, mwanamke aliyeishi na Puccini toka miaka ya 1880 na aliyemzalia mtoto wa kiume, Antonio, 1886, alikuwa bado mke wa mtu mwingine kisheria. Walifunga ndoa Januari 1904, siku chache tu baada ya yeye kumaliza kuandika Butterfly tarehe 27 Desemba 1903. Alikuwa na uhakika na hii kazi kuliko zote.

Halafu ndo 17 Februari 1904, onyesho la kwanza, ukumbi wa La Scala, Milan. Butterfly ni Rosina Storchio, Pinkerton ni Giovanni Zenatello, kondakta Cleofonte Campanini, yaani watu wa juu kabisa. Butterfly alipoingia na wimbo wake watu wakapiga kelele "Bohème", kwamba hiyo tumeshaisikia. Kimono cha Storchio kikajaa upepo, kuna mtu akapayuka kwamba ana mimba. Ilipofika alfajiri baada ya ule usiku wa kusubiri, waliweka milio ya ndege ukumbini ili ionekane kumekucha, watu wakajibu kwa kuwika kama majogoo na kulia kama wanyama. Wengi wanaamini mahasimu walipanga watu wa kuzomea, na inawezekana kabisa, fujo ya namna ile haiji yenyewe.

Sasa hapa ndo napotaka ukae, ndugu yangu unayeanza.

Sisi tuliwahi kwenda kwenye mashindano ya kwaya na wimbo tulioutunga wenyewe, dakika kumi na moja, tumeufanyia mazoezi miezi minne. Kufika dakika ya sita watu wanaongea, wengine wanatoka nje kununua maji. Tulirudi kwenye gari kimya, afu kimya kikageuka lawama, majaji wamependelea, spika mbovu, watu wa mji ule hawajui muziki. Tulilaumu nusu mwaka. Wimbo ule haukufunguliwa tena mpaka leo, uko kwenye faili, na ulikuwa na ubeti wa tatu mzuri ambao mpaka sasa nausikia nikiwa nafua.

Puccini naye alikuwa na wa kuwalaumu, tena kwa haki. Aliumia, aliandika kwa marafiki kwamba wamemfanyia unyama na kwamba Butterfly yake ni ile ile, kazi aliyoihisi kuliko zote. Lakini mara moja aliiondoa opera isichezwe tena pale, pesa ikarudishwa, na akachukua mkasi. Yaani alijua wamemzomea kwa hila NA akajua kuna kitu hakijakaa. Hivo viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja, na mi ilinichukua miaka kulielewa hilo.

Alichokifanya ni kidogo ukihesabu kurasa. Kile kitendo cha pili kirefu alikikata katikati, pazia likashuka baada ya wimbo wa kwaya wa ule usiku wa kusubiri, watu wakapumua, lile lile alilolipigania Giacosa. Kwenye harusi alipunguza vituko vya ndugu wa bibi harusi ambavyo vilikuwa vingi na vinapoteza muda. Ule wimbo wa Butterfly kuingia aliubadilisha mwendo wake ukapanda tofauti. Na Pinkerton akamuongezea wimbo mfupi mwishoni, Addio, fiorito asil, anaiaga ile nyumba kwa majuto, kwa sababu mwanzo alitoka tu bila kuonyesha ana moyo. 28 Mei 1904 ikachezwa upya Brescia, Teatro Grande, ukumbi mdogo kuliko La Scala, kondakta yule yule, Zenatello yule yule, Butterfly sasa ni Salomea Krusceniski kutoka Ukraine. Watu wakasimama, wakadai nyimbo zirudiwe. Toka 17 Februari mpaka 28 Mei ni siku 101.

Na hakuacha hapo, aliendelea kurekebisha mpaka kwa onyesho la Paris mwishoni mwa 1906, akazidi kupunguza maneno ya dharau ya Pinkerton kwa Wajapani, na toleo linalochezwa sehemu nyingi leo ni la 1907. Kwa hiyo ukitaka kujifunza kutunga, tafuta rekodi ya toleo la 1904 la Milan, lipo limerekodiwa, weka na la kawaida, sikiliza harusi tu, kitendo cha kwanza, andika nini kimeondoka. Hakuna darasa la utunzi nimewahi kukaa likanipa nilichopata kwenye zoezi hilo.

Kwa wanakwaya nina zawadi nyingine, ule wimbo wa usiku, coro a bocca chiusa, wimbo wa mdomo uliofungwa. Kwaya yoyote inaweza kuujaribu. Sauti ya kwanza na sauti ya tatu peke yake, wako nyuma ya jukwaa hawaonekani, hakuna neno hata moja, nyuzi za okestra zinadonolewa kidogo kidogo chini yao. Butterfly amesimama anachungulia kwenye kitundu, mtoto na Suzuki usingizi unawachukua. Nilipofundisha kwetu wa kwanza walitoa sauti ya puani, imebanwa, kwa sababu walikuwa wameuma meno. Midomo ifungwe ila meno yasigusane, ulimi ulale, kama umeshika maji ya uvuguvugu mdomoni, na pumzi msivute wote kwa pamoja, peaneni zamu ili kamba isikatike. Tukazima taa za ukumbi tukaimba gizani. Tulivyomaliza hakuna aliyewasha taa kwa muda.

Sasa nenda urudi nyuma kwenye ile sehemu ya barua, Sharpless anapojaribu kuisoma na Butterfly anamkatiza kwa furaha. Sikiliza okestra. Ni wimbo ule ule. Barua ilikuwa ya kumuaga, yeye akaisikia kama ahadi, na usiku anaposubiri okestra inaikumbuka ile barua kwa niaba yake. Sikuligundua hilo mpaka mwaka wa pili, na nililigundua nikiwa jikoni, nikazima jiko nikakaa chini.

Maisha yake baada ya hapo yalikuwa na giza, sitaki kuyapamba. Elvira alimtuhumu binti wa kazi nyumbani kwao Torre del Lago, Doria Manfredi, kwamba ana uhusiano na mumewe, akamtangaza kijijini, na Januari 1909 yule binti akanywa sumu akafa. Madaktari walipompima wakakuta hakuwa amemjua mwanaume. Familia ikaenda mahakamani, Elvira akahukumiwa kifungo, mwisho Puccini akalipa familia kesi ikafungwa. Mtu aliyetunga Butterfly, na hilo likatokea nyumbani kwake miaka mitano baadaye. Watu wengi wanamuona Doria ndani ya Liù, yule mjakazi wa Turandot, opera yake ya mwisho. Hiyo Turandot hakuimaliza, alikuwa mvutaji sana wa sigara, saratani ya koo ikamshika, akafia Brussels 29 Novemba 1924 alikoenda kutibiwa kwa mionzi. Ilipochezwa mara ya kwanza La Scala 25 Aprili 1926, ukumbi ule ule uliomzomea, kondakta Toscanini aliweka chini fimbo pale mkono wa Puccini ulipoishia, akageukia watu akawaambia, na pazia likashushwa.

Kwa kuanza wiki hii basi fanya hivi. Jumamosi angalia Butterfly nzima bila tafsiri, ni kama saa mbili na nusu, tafuta Wi-Fi ya mtu mwema. Usiimbe chochote. Ukifika mwisho kabisa, okestra yote inapiga ule wimbo mzito kwa pamoja, nenda kwenye kinanda utafute sauti ya mwisho inayopigwa. Utategemea la, do, mi, kila mtu aliyekulia kwenye kwaya anaitegemea, ndo nyumbani pale, ndo amina. Sikiliza vizuri vidole vyako. Ni la, do, fa.